Magadi Shambani kwa Mama Paskalina

Mama, shikamoo.

Huku Yaeda Chini jua linachoma, lakini ziwa lililokauka limerudi! Kijiji kizima tulichimba mfereji, maji ya mto yakalijaza, tukacheza ngoma. Kumbe maji yaliyopenya ardhini yamepandisha chumvi ya magadi mpaka juu ya udongo. Mahindi ya jirani yangu Mama Paskalina, aliyehamia hapa kijijini kutoka Nambis, yamekauka yote.

Leo amekwangua magadi yale shambani, akanipikia maharage. Yameiva upesi, laini kama yako.

"Kula, bwana shamba," akasema, "halafu uniambie chumvi itaondoka lini."

Nikamjibu mvua kubwa itaiosha. Ameshaanza kuchagua mbegu.

Mama, tuombee mvua, nisije nikawa mwongo kwake.

Mwanao akupendaye,
Elia