Chapati Yenye Jina Baya

Mdogo wangu Zuhura, hamjambo na wanao?

Huku Johannesburg baridi inauma, lakini mimi nilitoka jasho. Kesho wanajibu posa ya mwanangu Idi, na leo babake binti, Mrundi wa maneno machache, alinipeleka Yeoville kwenye kibanda maarufu kilichopata tuzo. Wanauza kichapati kilichokunjwa, ndani nyama na pilipili. Kinaitwa taco, na kinatamkwa hivyohivyo unavyofikiria! Ningelitajaje jina hilo mbele ya mkwe? Zamu yangu ilipofika nikanyoosha kidole tu: "Hizo, mbili." Muuzaji, Mkongo mwenye sauti ya mnadani, akaita foleni nzima ikasikia:

"Mama, matako yako mbili iko tayari!"

Mkwe akatazama viatu vyake. Mimi nikatazama vyangu. Tukala, na wallahi ni tamu. Lakini mpaka ananirudisha nyumbani hakutamka neno, sijui amekasirika au alikuwa anazuia kicheko.

Niombee, mdogo wangu, usiku huu silali. Nawabusu wote. Na mama akiuliza nimelishwa nini ugenini, mwambie chapati.

Dada yako,
Mwanaidi