Kutua Polepole ili Baba Aone

Jumatatu, 3 Machi
Daktari wa macho kasema jicho la Baba la kushoto limeshakwisha. La kulia halitafika mwisho wa mwezi. Baba, fundi saa tangu ujana, akamjibu kwamba basi saa nazo zitapumzika. Mama hakucheka.
Njiani Baba kaniambia anachotaka: kuiona ile ndege ya vita ya rimoti tuliyoiunda pamoja ikitua kwa magurudumu. Hadi leo hutua kwa tumbo. Inakuja kasi mno — naona kivuli, anasema, halafu naokota vipande.

Jumanne, 4 Machi
Dawa nimeipata kwenye kijitabu cha rimoti. Flaperoni. Vile vibawa vya ukingoni mwa mbawa hupingana, kimoja juu, kingine chini, ndege ipate kulala upande. Kumbe naweza kuviamuru vishuke vyote pamoja. Ndege inapunguza mwendo na mbawa bado zinaibeba. Ikija polepole, jicho la Baba litaifuata.
Shangazi kanikuta nabofya swichi. Mtoto wa kike na ndege ya vita, unakwenda kumpiga nani? Nikasema mbu.

Alhamisi, 6 Machi
Imeanguka. Kosa langu — kwenye rimoti niliweka alama ya kutoa badala ya kujumlisha, vibawa vikapanda badala ya kushuka. Ikadondoka kama jiwe. Sikuvikagua kabla ya kurusha, na Baba alinifunza mwenyewe: saa haifunikwi kabla hujaisikiliza.
Gurudumu lilipinda. Kalinyoosha Baba, kwa kupapasa.

Ijumaa, 7 Machi
Gundi ya bawa haijakauka. Baba kamimina chai nje ya kikombe.

Jumapili, 9 Machi
Uwanja wa shule, asubuhi. Baba kwenye kiti, pembeni. Nikakagua vibawa: vyote chini. Nikarusha.
Nilipoirudisha ilikuja taratibu kabisa, lakini juu mno. Nikazima mota. Ikapita mbele ya Baba kimya. Nilikusudia kuwasha tena, nizunguke, nijaribu upya.
Baba akapiga makofi. Imetua! Nimeiona, Rubani wangu, magurudumu yote mawili!
Ilikuwa bado hewani, kimo cha mlango.
Nikasema, ndiyo, Baba.
Mota sikuthubutu kuiwasha, angesikia. Nikaiacha ielee mpaka mwisho wa uwanja, na huko ikakaa chini kama mama anavyomlaza mtoto aliyesinzia. Haijapata kutua vizuri hivyo. Nimeiona peke yangu.
Sasa Baba yuko sebuleni, anawasimulia Mama na Shangazi. Ameongeza na vumbi lililotimka. Shangazi, wa kukatiza watu, hajamkatiza.
Ananiita. Rubani, njoo uwaambie ilitua hatua ngapi kutoka kwenye kiti changu.
Bado nimeshika kalamu. Ananiita tena —