Nilivyomtafuta Dada Yako Kwenye Spika

7 Stryd y Capel,
Rhyd-y-Garreg,
Wales ya Kaskazini.
18 Novemba 2012

Mpendwa shemeji Morfydd,

Hujambo huko Australia, chini ya dunia? Nyonga yako mpya inasemaje? Uliniandikia kwamba daktari amekuwekea ya chuma. Basi usisimame nje mvua ikinyesha, utashika kutu, na usicheze dansi kabla ya Pasaka. Na mumeo Des naye, bado anakoroma, au umeshamhamishia bandani akalale na mbwa? Natumaini nyote ni wazima na jua halijawakausha kama samaki.

Mimi mzima, maana yake ninaamka. Magoti yanagoma ngazini na meno yangu sasa yanahesabika bila kutumia mikono miwili. Mvua haijakatika tangu Jumanne ya juzi, kwa hiyo kwetu hali ya hewa ni ya kawaida. Mchungaji anaendelea kusali sala ndefu. Jumapili iliyopita nilisinzia akiwa kwa Nuhu, nikaamka bado maji hayajapungua.

Barua yako ninayo mezani wiki ya tatu hii. Dada yako Eirlys angesema ni uvivu. Safari hii si uvivu, Morfydd. Uliniuliza kama kile kipindi cha nyimbo walichokuja kurekodi kanisani kwetu mwezi wa Mei kimeonyeshwa kwenye televisheni, na kama dada yako anasikika. Kimeonyeshwa. Hilo swali la pili ndilo lililonikalisha.

Wiki moja baada ya mazishi yake, mwanangu Gareth alirudi kutoka Cardiff na televisheni mpya ya kunifariji. Pana kama mlango, nyembamba kama mshahara. Ile yetu ya zamani, nzito kama ng'ombe, akaipeleka jalalani kabla sijasema lolote. Vijana wakikuonea huruma hawakuulizi kitu. Hii mpya inaonyesha hadi vinyweleo vya puani mwa mtangazaji, lakini spika zake wameziweka mgongoni, zinazungumza na ukuta.

Jumapili ya kipindi ilipofika nikavaa tai, usinicheke, nikakaa. Nikamwona, Morfydd. Safu ya mbele roshanini, na ile kofia ya buluu uliyomtumia, na Dilys wa jirani ubavuni pake. Kwenye kiitikio, alto, ile sauti ya pili ya wanawake, ndio wanaotangulia peke yao, na alto wa kanisa letu siku hizi ni hao wawili tu. Kamera ikawaganda. Kipaza sauti kilikuwa kwenye ukingo mbele yao, karibu kiwapige puani. Dada yako anafungua mdomo vile alivyokuwa akifungua, kama anamfundisha mtoto kula uji. Na kilichonifikia masikioni kilikuwa nyuki ndani ya kopo.

Bahati nzuri Gareth alikuwa ametegesha kisanduku cha kurekodi kinase kipindi chote, naweza kukirudia nikitaka. Nikasema hapana, simsikilizi mke wangu ndani ya kopo. Ninazo spika zangu.

Unazikumbuka. Nilizinunua mwaka wa sabini na sita pamoja na amplifaya, kwa jasho la kazi za ziada machimboni. Kila moja ina ukubwa wa zizi la ndama. Eirlys aliziita wake wenza. Alikuwa akiwaambia wageni, "Karibuni, hawa ni wenzangu, wote wanene na wote wana kelele, na mimi ndiye ninayewafuta vumbi." Lakini ukizifungulia kwaya, unasikia mpaka nani amekula kitunguu. Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitano, lakini masikio yangu hakuna aliyeyapa maksi ya chini.

Basi nikataka sauti ya televisheni ipite kwenye amplifaya. Ile ya zamani ilikuwa na matundu mawili nyuma, jekundu na jeupe, unachomeka umemaliza. Hii mpya haina. Ina kitundu kimoja kidogo chenye taa nyekundu ndani, kama jicho la panya. Nikamwita Trefor.

Trefor ni yule aliyekuwa fundi umeme wa machimbo. Kwayani anaimba sauti ya tena, ile ya juu ya wanaume, na matena unawajua, hawajawahi kukosea tangu wazaliwe. Akachungulia lile jicho, akaniambia, "Sauti ya hii inatoka kwa mwanga, bwana mkubwa. Amplifaya yako haijui kusoma mwanga."

"Mimi pia sijui," nikamwambia. "Nipe dawa."

Dawa ikawa kisanduku mfano wa kiberiti, cha kuugeuza mwanga kuwa sauti, na waya mwembamba wa kuleta huo mwanga. Tukaunga. Kimya. Tukabadilisha tundu kwenye amplifaya, kimya. Trefor akajaribu tundu la kinanda cha santuri, likanguruma hata paka wa Dilys akaruka dirishani. Siku mbili nzima kimya. Siku ya tatu nimevaa miwani ya Eirlys ya kusomea, maana yangu niliikalia, nikaona ncha ya ule waya ina kifuniko cha plastiki, kidogo kama punje ya mchele.

"Trefor," nikasema, "mwanga wako umevaa kofia."

"Nilikuwa napima kama unatazama," akanijibu. Matena hao, nilikwambia.

Tukakivua. Sasa ikatoka sauti ya kukaanga nyama. Trefor akachukua rimoti, akaingia ndani kabisa ya mambo ya televisheni, ukurasa baada ya ukurasa, akasema, "Inadhani uko sinema. Inatuma sauti ya spika sita."

"Iambie niko nyumbani na nina mbili."

Akaiambia. Na Morfydd, nyumba ikajaa. Kinanda cha kanisa kikapanda kutoka sakafuni, besi tukanguruma, nikajisikia na mimi mle ndani nikibweka kama kawaida. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha katikati. Nikangoja kiitikio, alto watangulie.

Hawakuja. Pembeni kulikuwa na sauti, kushoto na kulia, ila katikati pale wanapotakiwa kusimama Dilys na Eirlys palikuwa shimo. Kama jino lililong'olewa. Nikasema, mashine bado ina ugonjwa.

Trefor akapiga magoti nyuma ya spika ya kushoto, akiguna kama anazaa. Akauliza, "Nani alifunga nyaya hizi? Nyekundu iko kwenye nyeusi."

Ukifunga hivyo, spika moja inasukuma wakati mwenzake anavuta, na kilicho katikati yao wanakiua. Hilo nalijua tangu sabini na sita.

"Mimi," nikasema.

"Lini? Wewe si mtu wa kufanya kosa hili."

Nikamwambia lini. Unaijua sebule yetu, Morfydd. Tulipomleta Eirlys alale nyumbani siku mbili kabla ya kanisa, kama alivyolazwa mama yenu, na bibi yenu kabla yake, jeneza halikuweza kuingia mpaka spika zitoke. Nilizitoa mwenyewe. Jioni ya mazishi, watu walipoondoka na masahani yao, nikazirudisha mwenyewe, kwa sababu sikuweza kupaangalia pale palipokuwa wazi. Macho hayakuwa yakiona rangi vizuri.

Trefor nimemjua tangu tukivaa kaptura. Akageuza nyaya, akaenda jikoni kubandika chai, akachukua muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Nikarudisha kipindi nyuma. Kinanda, besi, matena. Kiitikio. Shimo likazibika, na katikati ya sebule, pale pale lilipokuwa jeneza, akasimama Dilys. Peke yake.

Sauti ya Dilys unaifahamu, ni bawaba ya lango, Mungu ampe mafuta. Niliisikia hadi pumzi anazoiba katikati ya neno. Nilisikia gauni lake likisugua ukingo. Kwenye kioo dada yako yuko hapo, mdomo unafunguka, unafunga, kila neno mahali pake. Nikarudia. Nikaongeza sauti. Nikazima spika ya kulia, nikazima ya kushoto. Nikagusa kila waya. Trefor akatoka jikoni na vikombe, akasikiliza kwa sikio lake zima, akaniangalia, akaviweka chini.

"Mashine iko sawa, Idwal," akasema taratibu. "Haina kosa lingine."

Nikavaa koti, nikapitia mlango wa nyuma hadi kwa Dilys. Alikuwa anakanda mkate wa zabibu kavu. Aliponiona tu akafuta mikono.

"Umeshasikia," akasema.

"Nimesikia nini? Sema wewe."

"Kaa kwanza, mzee."

"Sikai. Sema."

Akasema. Siku ile ya Mei, wakipanda ngazi za roshani, Eirlys alisimama mara tatu. Alipofika juu akamshika Dilys mkono, akamwambia, "Leo uimbe sauti ya watu wawili. Mimi nitatembeza mdomo tu, pumzi sina." Alikuwa ameshakwenda hospitali mara mbili. Mimi nilikuwa nikiambiwa anakwenda mjini Bangor kununua sufu ya kufumia.

"Nilimwambia, Eirlys, mwambie mumeo," Dilys akasema. Alikuwa analia huku akiukanda ule mkate tena, sijui kwa nini. "Akaniambia, 'Nikimwambia Idwal ataacha kunitania. Na siku akiacha kunitania nitajua nimeshakufa.'"

Nilichokuwa nacho kinywani si cha kuandikia mwanamke.

Nikwambie nilichofanya siku ile ya Mei, Morfydd, maana sijamwambia mtu. Tukirudi nyumbani nilimwambia dada yako, mbele ya mchungaji, "Alto leo mlikuwa mtungi mtupu. Wewe ulikwenda kupunga upepo?" Akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta wa kanisa. Mimi nikafurahi nimemchekesha, kumbe alikuwa anatafuta pumzi. Nyumbani akanikatia kipande cha keki kikubwa kuliko cha mchungaji. Vumbi la mawe nimelimeza mimi, miaka thelathini na mmoja, na mapafu yaliyooza ni yake. Na mimi, mwenye masikio yasiyopewa maksi ya chini, nililala kando ya pumzi ile Mei yote na Juni yote na nikasikia kukoroma tu.

Aliniambia mwezi wa Julai, ugonjwa ulipokuwa haufichiki tena. Unajua nilifanya nini? Niliendelea kumtania, kwa sababu sikujua kazi nyingine. Siku ya mwisho nilimwambia amelala kitandani siku nyingi kama mke wa lodi tajiri. Akanifinya mkono. Sasa nashukuru sikuacha, lakini shukrani yenyewe inauma, sijui nikuelezee vipi.

Kile kipindi sikukifuta. Siku nyingine nakiweka bila sauti kabisa, namtazama. Ukizima sauti, anaimba kuliko wote.

Sasa ombi langu, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Mlipohamia huko, Krismasi ya kwanza, tulikutumia kaseti badala ya barua kwa kuwa Eirlys alisema mkono unamuuma. Yalikuwa mambo ya nusu saa, yeye anasimulia nani kaoa na nani kafa, halafu mwishoni akaimba ule wimbo wa mama yenu uliouomba. Nakumbuka nilimwangushia kijiko akaanza upya. Hapa nyumbani, katika santuri zote hizi na mikanda yote hii, nimepekua hadi darini: ninayo makwaya ya nchi nzima, na mke wangu hamo. Mtu hamrekodi anayemsikia kila siku.

Kama unayo bado, nakuomba uniletee. Usiiweke kwenye meli, weka kwenye ndege. Mashine yangu ya kaseti nimeijaribu jana, inazunguka. Ukiweza kuinakili ubaki na yako, vizuri, lakini usikate popote. Hata pale anaponiambia, "Idwal, nyamaza, hii si barua yako." Hapo hasa usikate.

Nisalimie Des, na binti yako Carys na wale mapacha wake wenye mabega kama wachimba mawe. Gareth anawasalimu. Dilys naye, na Trefor, ambaye anasema kosa la kifuniko lilikuwa langu. Mungu aishike nyonga yako na nyumba yako, na akupe pumzi ndefu, asubuhi na jioni, usiikose hata siku moja.

Ni mimi shemeji yako mwenye ulimi mbaya, anayekupenda kwa dhati,

Idwal

Nimesahau: kama Des alirekodi matangazo ya kriketi juu ya ile kaseti, niandikie hivyohivyo, usinipambie. Mwaka huu nimefichwa mambo ya kutosha.