Njia ya Kuogea Mwaka

Mama,

Shikamoo, hata huko uliko. Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Tangu tukuzike, hoteli ya Diani imekwisha kujengwa. Ile njia yetu ya kwendea baharini siku hizi ina geti, na getini kuna mlinzi aliyevalishwa kanzu na kofia nyekundu kama yuko harusini. Mwenye hoteli ni mzungu mmoja akishirikiana na mkubwa mmoja wa kwetu, katika wale waliopiga kelele za uhuru kutushinda sote. Uhuru wenyewe ndio huu: pwani yetu, lakini tuombe ruhusa.

Mwaka jana, Siku ya Mwaka wetu wa Kiswahili, mdogo wako Mwanakombo aliwaongoza wanawake kwenda kuoga alfajiri na leso zao mwilini, kama ulivyokuwa ukiwaongoza wewe. Meneja akawataka wangoje wageni wamalize chai. Alikuwa amewapangia hao wageni viti mchangani, wakae watazame! Mama mdogo akampita. Wakaingia majini, na walipotoka wameroa chepechepe, wazungu wakawapigia makofi. Makofi, Mama. Watu wanajiosha mabaya ya mwaka mzima, wao wanaona ngoma ya kuwaburudisha. Nilikumbuka ulivyomcheka yule mzungu wa kwanza tuliyemkuta amelala juani: "Maskini, nani kamwanika huyu kama samaki wa ng'onda?" Nikacheka peke yangu, kisha nikalia.

Hayo nimeyaandika katika utafiti wangu wa udaktari, ule wa uchumi wa utalii na mazingira. Profesa wangu, bwana asiyevua tai hata kwenye joto la Diani, akaniambia makofi niyaweke upande wa faida: "Burudani ya asili, isiyo na gharama." Shahada zimemjaa ukutani, na maji ya bahari hayajapata kumfika kifundoni. Nilimwuliza njia iliyotiwa geti niiweke upande gani. Akasema njia si jambo la kiuchumi.

Sasa sikiliza. Hoteli imewaambia wazee kwamba watu wasipotokea Siku ya Mwaka safari hii, njia itahesabiwa imeachwa, na pale getini pajengwe ukuta. Wanawake wengi wanaogopa, maana waume zao na watoto wao wameajiriwa mle, na wameonywa. Mama mdogo amebaki na wachache, akanitumia salamu nije. Na asubuhi hiyo hiyo ndiyo niliyopangiwa kuutetea utafiti wangu mbele ya jopo, Nairobi. Nikaomba waahirishe. Profesa alinitazama kama mtu aliyeona mende kwenye sahani yake. "Kwa ajili ya kuoga?" Akanieleza kwamba nisipofika, nisirudi tena.

Najua ulivyoutaka udaktari huu. Uliutaka kuliko mimi. Uliwaringia majirani hadi wakawa wakikuona wanageuza njia. Inaniuma, Mama, sikufichi. Inaniuma sana.

Lakini nimekwisha kukata tiketi ya treni ya Mombasa. Wanajopo na waketi, wasomeane wenyewe kwa wenyewe, hawajapata kuhitaji mtu mwingine.

Lala salama, mama yangu. Mola akunurishie kaburi lako. Nakuahidi, hata tukibaki wawili tu, mimi na mdogo wako, mwaka utaogwa.

Mwanao,
Mwanasiti