Karatasi Iliyoshika Ukuta

Filipo, sikuwa na ngazi, sikuwa na kikwangulio, sikuwa na msaidizi, na kumbe sikuwa na busara.

Unaijua ile nyumba ya Mzungu hapa Mkiwa, tuliyopewa iwe darasa la kisomo. Niliapa mbele ya kijiji kizima kwamba nitabandua peke yangu zile karatasi za ukutani zenye vinundu, ili Jumatatu tufungue.

Siku tatu nimekwangua! Zinatoka vipande kama ukucha. Dari nayo imenijaza vumbi machoni.

Leo nikachemsha maji, nikaumwagia ukuta. Filipo, ukuta ukaporomoka. Ukuta! Ni udongo mtupu. Karatasi ndiyo iliyokuwa inaushikilia.

Jirani yangu Dorkas akachungulia kwenye tundu. “Shikamoo, mzee Antipasi. Hilo ndilo dirisha la darasa?”

Wanawake wenzake wakaangua kicheko. Akasema, “Kuta za hapa tunakandika sisi. Mbona hukutuuliza?”

Mbona sikuuliza? Nilidhani aliyesoma usiku na mchana haulizi.

Nimemwandikia afisa elimu: darasa lichelewe wiki mbili, na kuta azisimamie Dorkas. Jina lake nimeliandika juu ya langu. Bahasha nimeilamba, nimeifunga, nimempa kondakta. Basi la Singida limeshaondoka.