Madaftari ya Matambarale

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Tangu Mungu aumbe Nachingwea hajatokea mwanaume aliyetibu watu wengi kuliko mimi. Cheti sina. Shule niliishia kidato cha pili, na mwalimu wa hesabu aliposikia nimeacha alikunywa soda. Lakini madaftari arobaini ya wagonjwa kila Jumanne, nimebeba mgongoni kutoka Matambarale na Nambilanje mpaka zahanati ya Daktari Modest hapa mjini, nikarudisha na dawa jioni hiyohiyo – daktari gani wa Dar anafikisha wagonjwa arobaini kwa siku, tena kwa pikipiki?

Naandika haya kwa sababu leo nimeletewa barua. Ya serikali, ina muhuri. Imrani Saidi Chilumba, jina zima, halikukosewa hata herufi. Baraza la madaktari linatuma watu Ruangwa, Alhamisi ya wiki ijayo, ukumbi wa halmashauri. Wanasikiliza shauri la Daktari Modest na mimi ni shahidi. Mashitaka mawili. La kwanza, kuandikia watu tramado, dawa kali ya maumivu, bila kuwaona, mpaka Mzee Mbaruku wa Matambarale akanywa vidonge mchana, akalala, hakuamka. Ilikuwa Julai mwaka jana. La pili, kuwatukana na kuwadhalilisha manesi kazini. Wakimkuta na hatia, leseni inaondoka. Na kwa umri wake ikiondoka haitarudi.

Kijiweni nimewasomea barua yote kwa sauti. Benedikto, bodaboda mwenzangu, anasema hajawahi kuona mtu anajisifia kuitwa kwenye kesi. Nikamwambia wewe hata mkeo hajawahi kukuita kwa jina lako zima.

Wamecheka. Mimi pia.

Jumatano, 4 Septemba

Nimepita barabara ya zahanati. Imefungwa tangu mwaka jana. Pale dirishani kwake mtu kaanika sufuria.

Watu wa mjini hawaelewi ile kazi ilivyokuwa. Ngoja niiandike kabla sijaisahau na mimi.

Msimu wa salfa hakuna anayetoka shamba. Dawa ya korosho inapulizwa alfajiri, kabla ya upepo. Ukikosa siku mbili, ugonjwa wa ubwiri unaingia kwenye maua na mwaka wako umekwisha. Mtu anabeba mashine mgongoni toka saa kumi na moja, na ikifika saa tatu kiuno si chake tena. Sasa huyo utamwambia aje Nachingwea akakae foleni? Anatuma daftari. Lile daftari la shule la kurasa arobaini ambalo kila mgonjwa huku analo, daktari anaandika humo ugonjwa na dawa. Mgonjwa anabaki shamba. Daftari ndilo linalougua njiani.

Nayachukua moja moja. Mengine yananingoja dukani, mengine yamechomekwa kwenye miti ya uzio. Watoto wakisikia pikipiki wanaimba jina langu. Maua ya korosho yananukia mpaka unataka kupunguza mwendo, na mimi si mtu wa kupunguza mwendo. Pamoja na madaftari nakuta mbaazi, nakuta yai limefungwa kitambaa, zawadi ya daktari. Nilikuwa najua nani ana minyoo wilaya nzima ya Ruangwa. Niliheshimiwa kwa hilo. Wengine walikuwa wananisalimia mara mbili.

Na Daktari – kakunja mikono ya shati, redio inaongea peke yake, chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha. Haanzi kuandika kabla sijala. "Kaa, bwana mkubwa. Nisomee." Nasoma daftari la kwanza kwa sauti, yeye anaandika. Nikikwama kwenye neno ananingoja, hanicheki. Kusoma mwandiko wa daktari nilifundishwa na daktari mwenyewe! Hii kaunta buku ninayoandikia ni yake. Alisema kichwa changu kina akili ila kinavuja, niwe nakinga.

Nusu ya madaftari yalikuwa yanataka kitu kimoja. Vidonge vya mgongo. Ndivyo walivyoiita tramado. Mwanzoni vitano. Halafu kumi. Mwishoni watu walikuwa wanatuma daftari hata siku ambazo salfa haipulizwi.

Ijumaa, 6 Septemba

Baada ya swala nimekutana na Sista Scholastika sokoni, ananunua dagaa. Yeye ndiye nesi aliyeandika barua ya kumshitaki Daktari. Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi na maneno ya kumpa.

Nikamwambia shikamoo Sista, naona umemla Daktari wetu, sasa unamalizia na dagaa.

Hakukasirika. Aliniuliza kama nimekula. Halafu akanivuta pembeni, kwenye kivuli cha duka la mbegu, akaniambia atakachosema Alhamisi, ili nisije nikakisikia kule mara ya kwanza. Kwamba mara tatu alimwambia Daktari, tusitoe dawa hii kwa mtu ambaye hatujamwona, inapunguza pumzi. Mara ya tatu akagoma kuhesabu vidonge. Daktari akachukua daftari akampiga nalo usoni, mbele ya wagonjwa, akamwambia arudi kwao akauze vitumbua kama mama yake.

Nikasema Daktari alikuwa amechoka siku ile.

"Ulikuwepo, Imrani. Ulicheka."

Nilicheka, ni kweli. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi na muhogo mdomoni. Lile la vitumbua nilikwenda kulisimulia kijiweni na nikaliongezea chumvi.

Sista kachagua dagaa, kalipa, kaondoka. Hakunisema zaidi. Afadhali angenisema.

Jumapili, 8 Septemba

Nimekwenda kwa Daktari. Nilikuwa sijaenda muda mrefu – nilijiambia sina mafuta.

Kakonda. Analima mchicha na bamia nyuma ya nyumba, kavaa zile suruali za kazini, zimefifia magotini. Kaniona akasema, "Bwana mkubwa, umeota ndevu au ni uchafu?" Nikamwambia ndevu, na bado nyingine ziko njiani. Tukacheka kama zamani. Mkewe, Mama Aurelia, kaleta mihogo. Redio ileile. Kwa dakika kama kumi hivi hakuna kilichoharibika duniani.

Halafu nikamwambia nimeitwa. Nikamwambia nitamsafisha, nitasema wagonjwa wote aliwaona, mimi nilikuwa nabeba dawa tu. Nani atajua?

Akaweka ndoo chini.

Kasema nisithubutu. Wakiuliza kama aliwaona niseme hakuwaona. Wakiuliza ya Scholastika niseme nilichokiona. Kasema huwa anajiambia aliwahurumia wale watu, na ni kweli aliwahurumia, lakini pia alipenda kuitwa mkombozi na watu ambao hakutaka kufunga safari kwenda kuwaangalia. Saa moja na nusu kwa gari. Gari lilikuwepo.

"Na kitu kimoja," kasema. "Nilikuwa nakuuliza hali zao. Hilo sitalitaja. Kumuuliza bodaboda kifua cha mgonjwa si kupima. Ni mimi niliyepaswa kwenda kuuliza."

Nikamwambia ahsante. Akanifungia bamia kwenye gazeti.

Njia nzima nimerudi kwa mwendo wa mama mjamzito. Benedikto kanipita akaniuliza kama pikipiki inaumwa.

Jumanne, 10 Septemba

Jumanne, siku ya madaftari. Nimepeleka abiria Ruangwa, na badala ya kurudi nikajikuta naishika njia ya Matambarale. Mikono ilikwenda yenyewe.

Barabara wameichonga. Duka pale njia panda limepakwa rangi ya mtandao wa simu. Mtoto aliyekuwa ananiimbia karefuka, kanitazama kama mgeni wa kawaida. Korosho zimeanza kuchungulia, ndogo, kijani. Nilizima pikipiki nikakaa tu. Zamani ningeshuka hapa na watu sita wangetoka na madaftari.

Dada Mwanaima, binti wa Mzee Mbaruku, kaniona akaja kunishika mkono. Akanilazimisha kula. Na yeye kaitwa Alhamisi.

Ukoo wao Wamwera na sisi Wayao tuna utani wa zamani. Ndiyo maana siku ya msiba wa Mzee nilifanya kazi ya mtani. Nililala kwenye mkeka wa wafiwa nikadai nilishwe mimi kwanza, nikamwambia maiti aamke alipe deni la jogoo. Ndiyo desturi, watu wanacheka na kulia kwa pamoja. Na pale kaburini nilisema maneno ya mwisho aliyoniambia Mzee ile Jumanne nilipochukua daftari lake. Dada Mwanaima yeye alikuwa shamba la mbali wiki ile, hakumuaga baba yake.

Leo kayarudia yote, neno kwa neno. Kwamba baba alisema: "Wahi we chura, niletee dawa, nikipona nakuja kuwafundisha Wayao kulima korosho, maana nyie mnajua kuzila tu."

Kasema maneno hayo ndiyo yanamlaza usingizi. Baba alikuwa anatania, basi hakuwa na maumivu. Kayasimulia kwa wajomba, kwa watoto. Kasema mdogo wake wa mwisho anayajua kama sala.

"Alhamisi uwaambie na wale wakubwa, mtani. Wajue baba alikuwa mtu wa furaha."

Nikasema sawa. Ugali nimeuacha nusu. Nimesingizia jino.

Alhamisi, 12 Septemba

Ruangwa, ukumbi wa halmashauri. Naandikia kwenye benchi la nje, saa tano kasoro. Ndani yuko Sista Scholastika. Sauti yake haisikiki, ila ya anayemuuliza inasikika. Anamuuliza taratibu, anasema "pole" kila mara.

Daktari kaja na Mama Aurelia. Kavaa suti ya harusi, mabega yamekuwa makubwa kuliko yeye. Kanipungia mkono mdogo. Wazee wa Matambarale wamekuja kama saba, wengine wamebeba madaftari yao, hakuna aliyewaambia waje nayo. Mzee mmoja kamfuata Daktari hapahapa uani, kamfungulia daftari ukurasa mpya, anataka vidonge. Daktari kalifunga lile daftari kwa mikono miwili, akamrudishia. Mzee bado amesimama palepale.

Dada Mwanaima kakaa kushoto kwangu. Anamsimulia mama mmoja wa Nambilanje habari ya Wayao na korosho. Yule mama anacheka, anafuta machozi. "Huyu hapa ndiye aliyeambiwa," Mwanaima anasema. Ananigonga bega. Mama ananipa mkono wa pole, na mimi naupokea.

Neno moja nimelifuta mara mbili, Daktari angenicheka. Hapana, asingenicheka.

Sista katoka. Kapita mbele yangu, kanigusa kichwa kama mtoto.

Karani amesimama mlangoni na karatasi. Anamwita mwingine kwanza, mtu wa polisi. Basi bado dakika chache. Niyaseme hapa kwanza nione kama yanasemeka.

Sikumwona Mzee Mbaruku ile Jumanne. Nilikuwa nashindana na Benedikto nani atafika Nachingwea kwanza. Daftari lilikuwa limechomekwa kwenye uzio, nikalivuta bila kushuka. Ndani ya nyumba alikuwa anakoroma. Saa nne asubuhi, mwezi wa salfa, mtu ambaye hajawahi kukutwa amelala baada ya alfajiri. Mkoromo mzito, unakata, unanyamaza, unaanza tena. Nilicheka. Nikasema moyoni mzee leo kawa mvivu, nitamtania Jumanne ijayo.

Daktari aliuliza. Kwa Mzee Mbaruku aliweka kalamu chini kabisa akauliza: umemwona? Yuko macho? Anapumua vizuri? Nikiwa na muhogo mdomoni nikamwambia nimemwona, mzima kabisa, kanitania hata. Ndipo akaandika viwili kwa mara moja badala ya kimoja. Jioni nikavipeleka, nikampa jirani, kwa haraka. Mzee akavinywa kesho yake mchana.

Hakunitania. Hakusema neno lolote juu ya Wayao. Hayo maneno nimeyatunga mimi, ya kwanza nikampa Daktari, yaliyobaki nikayapeleka kaburini.

Mtu wa polisi hakukaa sana. Karani anasoma: Imrani Saidi Chilumba.

Dada Mwanaima ananishikia kofia, ananiambia niende, nisiogope, nianze na maneno ya baba