Uso wa Keki ya Hajira

Masasi,
Jumapili.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba kabla Cuthbert anayekusomea hajafika mstari wa pili, maana hujawahi kumsubiri mtu amalize salamu. Habari za hapo Mnyambe? Maji ya tangi bado yapo? Nasikia mikorosho imechanua vizuri mwaka huu. Mwambie Cuthbert akipuliza salfa afunge kitambaa puani, asijifanye chuma. Mimi huku mzima, kile kikohozi kimeniacha, na tanuri langu linapika. Nina habari ndefu, kwa hiyo kaeni vizuri. Na wewe kaka, usiruke hata neno, nakujua.

Kwanza macho yako. Cuthbert aliniambia kwa simu kwamba siku hizi unapapasa ukuta ukienda jikoni, na kwamba juzi ulimsalimia mbuzi ukidhani ni Severina jirani. Nilicheka sana, halafu nikalia. Daktari alishasema ni mtoto wa jicho na anatolewa, lakini wewe umegoma kuja Masasi tangu siku ile ya stendi, vijana walipokuzunguka na simu zao wakipiga picha chale za usoni mwako na kuulizana ni kitu gani hiki. Ulisema uso wako si sinema, na kwamba ni heri upofuke nyumbani kwako. Leo nakujibu, ila nitaanzia mbali kidogo.

Hapa jirani yangu yupo Mwanaisha, mama Hajira, muuza vitenge. Mwanawe Hajira ameingia miaka kumi, na siku hizi watoto wa mjini hawafanyi tu siku ya kuzaliwa, wanafanya sherehe ya kupambwa. Wanaalikana, wanasukwa, wanapakwa rangi za kucha na poda na wanja, wanavalishwa, kisha wanapita mbele ya mama zao wakitembea kwa madaha. Usigune, mama. Ninyi mwali akitoka mlikuwa mnamfanyaje? Si mlimwogesha, mkampaka mafuta, mkamvika kanga mpya na kumtembeza kijiji kizima? Basi.

Mama Hajira aliniletea picha kwenye simu. Alitaka keki iwe uso wa mwanamke anayepambwa: mweupe pee, kope ndefu, mdomo mwekundu, nywele zimemwagika mpaka kwenye ukingo wa sinia. Nikaipika keki, nikakanda sukari ya kupambia kama unga wa chapati, nikaichanganya na kakao kidogo kwa sababu nilikataa kabisa kutengeneza mzungu, nikaitandaza juu. Uso ukatoka mzuri. Nikauacha mezani nikaenda kuchemsha chai, dirisha wazi. Upepo huu wa kipupwe unavyokausha unaujua. Niliporudi, sukari ilikuwa imepasuka.

Sukari nyingine sikuwa nayo, na ya dukani ilikuwa imekwisha mpaka gari litoke Mtwara. Sherehe ilikuwa kesho yake. Basi, nilipomaliza kazi, ule uso ulikuwa na chale. Mistari ya kwenda na kurudi kwenye mashavu, na ile ya paji la uso inayoshuka mpaka kati ya nyusi. Nikaweka kope, nikaweka mdomo mwekundu, na hereni za krimu.

Mama Hajira alipofunua boksi alishika kichwa. Aliuliza kama nimerogwa. Alisema yeye ni mtu wa heshima, wageni wake watadhani ameleta mzimu kwenye sherehe ya mtoto, na akaniamuru nifukie yale makovu kwa krimu pale pale. Nikamwambia sukari ilipasuka kwa upepo. Nikamwambia pia kwamba krimu sipaki ng'o, labda mwenye sherehe mwenyewe aseme. Mama, nilisimama mbele ya ile meza kama askari wa benki.

Hajira akaitwa, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado. Aliizunguka keki, akainama kuitazama kwa karibu. Kisha akaniuliza kama ile ni michoro ya kweli na huwa inapakwa kwa kitu gani. Nikamweleza kwamba haipakwi. Nikamweleza ulivyonisimulia wewe: kungwi, kisu kidogo, masizi yanayosuguliwa kwenye kidonda, na msichana anayekaa kimya ili asiaibishe wenzake, kwa sababu huo ndio ulikuwa urembo na kila mtu alikuwa akiungoja. Akauliza kama inauma. Nikasema inauma sana. Akamgeukia mama yake akasema keki ni hiyo hiyo, na asiiguse mtu.

Si wageni wote walioipenda, nisikudanganye. Kuna shangazi mmoja alisonya waziwazi. Lakini ulipofika wakati wa kukata, Hajira alikataza kisu kisiguse uso. Walikata nywele, wakakata shingo, wakalishana hereni, na uso ukabaki peke yake katikati ya sinia ukiwatazama. Mpaka leo uko kwenye friji la mama Hajira, pembeni ya samaki, na mama wa watu haruhusiwi kuutupa.

Sasa nifike nilikokuwa nakwepa. Nilimwambia mama Hajira kwamba upepo ndio uliopasua. Si kweli, mama. Upepo ulipasua mstari mmoja tu, shavu la kushoto, na ua moja la krimu lingeufunika. Iliyobaki yote nilikata mimi, kwa wembe mpya, nikasugua kakao ndani kama masizi. Wala sikubuni. Pasaka ile niliyokuja nyumbani, ulipopitiwa na usingizi kwenye mkeka, nilikupiga picha bila kukuomba, kama wale wa stendi. Nisamehe kwa hilo, ila kwa keki siombi msamaha. Nilikuwa nakata nalia, kwa sababu katika mambo yote uliyonisimulia hukuwahi kusema kwamba wewe ulilia. Ule uso ni wako.

Hajira alinibana siku ile ile, wenzake wakipigwa picha, akataka kujua ule ni uso wa nani. Nikasema wa mama yangu. Akaniuliza kama yu hai. Nikasema yupo Mnyambe. Akauliza, basi mbona hukumleta? Mama, mimi mtu mzima nikaulizwa hivyo na mtoto mwenye rangi ya kucha.

Kwa hiyo nakuja Ijumaa. Nimeshaongea na hospitali, wanatungoja. Tukishuka stendi nitakushika mkono na tutapita katikati, taratibu, na atakayenyanyua simu atanijua. Ukikataa kutoka, nitakaa hapo mlangoni kwako mpaka unichoke. Tabia hiyo nimeirithi kwako. Hajira ameshachagua rangi ya kucha zako, nyekundu, na anasema hatakubali ukatae.

Humu ndani nimeweka picha ya keki, nimeisafisha studio, kubwa. Cuthbert, ukifika hapa usimweleze ilivyo, na usimwache aisogeze machoni wala kuipapasapapasa. Ifunge kwenye karatasi yake, uiweke kwenye begi lake la safari. Mama, siku watakapokufungua kitambaa cha macho, hiyo ndiyo itakayokuwa ya kwanza kuiona.

Msalimie Severina, na yule mbuzi pia. Mungu akulinde mpaka Ijumaa.

Ni mimi mwanao, kitinda mimba wako,
Winfrida